Tathmini ya PDM3700: inapima uzito wa vumbi, silika haiioni

Vumbi linaloharibu mapafu chini ya ardhi si lile unaloliona. Wingu linalotanda lori likimwaga kifusi ni la chenga kubwa, na nyingi kati ya hizo hunaswa puani na kooni. Hatari imo katika chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuzitenga. Hewa ikiwa imetulia, chembe ya mwamba ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hushuka mita 2 kwa dakika nne hivi. Ya mikroni 5 huchukua kama dakika 17. Ya mikroni 1 huchukua saa 7, karibu zamu nzima, na hewa ya mgodini haitulii. Kwa hiyo njia ya mgodi inaweza kuonekana safi kabisa kwenye mwanga wa taa ya kofia na bado kila pumzi ikaingiza mwamba kifuani. Anayesema "hapa hakuna vumbi" kwa kuangalia tu hajapima kitu.

PDM3700 ya Thermo Scientific ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Ni kipimo anachovaa mchimbaji mwenyewe, kikamwonyesha kiasi cha vumbi laini anachovuta akiwa bado kazini. Ilizaliwa katika migodi ya makaa ya mawe ya Marekani, kutokana na kazi ya NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya nchi hiyo. Mtangulizi wake, PDM3600, ilikuwa imeunganishwa na taa ya kofia na betri yake, na 3700 ikaachana na taa. Tangu Februari 2016 migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi nchini humo inalazimika kutumia kipimo cha aina hii, na kuanzia Agosti mwaka huohuo kikomo cha vumbi laini kilishushwa kutoka miligramu 2.0 hadi 1.5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa.

Hukumu yetu tuiseme mapema. Kwa kupima uzito wa vumbi ndani ya zamu, kifaa hiki ni kizuri sana. Lakini mgodi wa mwamba mgumu wenye silika nyingi, madini ya mwamba ambayo vumbi lake huacha kovu kwenye mapafu, ukikitegemea peke yake, kitawapa watu utulivu wasiostahili kuwa nao, na utulivu huo ni hatari kuliko kukosa kipimo.

Kinavyofanya kazi

Hewa huingia kupitia mdomo mdogo unaobanwa kwenye ukosi, karibu na pua, halafu hushuka kwa mpira hadi kwenye boksi lililo kiunoni. Pampu huvuta lita 2.2 kwa dakika. Kabla ya kufika kwenye mizani, hewa hupita ndani ya saikloni, kikopo kinachoizungusha kwa kasi. Chenga kubwa hutupwa pembeni na kuangukia kwenye kikombe cha chini, na laini huendelea na safari. Mgawanyo huu unafuata jinsi mapafu yenyewe yanavyochuja: kwenye chembe za mikroni 4, karibu nusu hupita na nusu hubaki.

Baada ya hapo ndipo ufundi wake ulipo. Kichujio kimekaa kwenye ncha ya mrija mwembamba unaotikisika muda wote. Vumbi likitua, ncha inakuwa nzito na mtikisiko unapungua kasi, na kifaa hukokotoa uzito kutokana na badiliko hilo. Hakikisii kwa mwanga wala kwa rangi ya vumbi. Kinapima uzito halisi, kama mizani ya maabara, ila kinaupima huku mtu anatembea.

Hewa hupashwa joto njiani. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, maana chini ya ardhi maji yako kila mahali: pua za kunyunyizia kwenye mashine ya kukata, maji ya kuchoronga, ukungu wa njia ya kutolea hewa. Vipimo vya bei nafuu vinavyotumia mwanga huhesabu tone la maji kama chembe ya vumbi, na namba zake hupanda bila sababu pale hasa ambapo maji yanapigana na vumbi. PDM hulikausha tone kabla ya kulipima. Kuna mpaka wake, lakini. Kama maji ya kunyunyizia yamerudishwa kutoka kwenye bwawa la tope au yana chumvi, tone likikauka linaacha chembe, na chembe hiyo itapimwa. Kifaa hakijakosea hapo, kwa sababu chembe hiyo ingekaukia hewani na mtu angeivuta vilevile. Namba ikipanda baada ya kuongeza maji, angalia usafi wa maji kabla ya kukilaumu kipimo.

Kusoma skrini

Skrini ina mambo matatu ya maana: wastani wa dakika 30 zilizopita, wastani tangu zamu ianze, na asilimia ya kikomo. Watu wengi hukimbilia wa kwanza na kuuelewa vibaya. Wastani wa dakika 30 unakuambia ulikotoka. Haukuambii hewa ya mahali uliposimama sasa. Opereta akipita kwenye moshi wa vumbi la miligramu 10 kwa dakika 3 tu, tukio hilo peke yake linaongeza miligramu 1 kwenye wastani wa nusu saa, na linabaki humo hata akishafika kwenye hewa safi. Ukiona namba imeruka, usiitafute sababu pale ulipo. Rudi nyuma dakika 30 na ujiulize ulikuwa wapi.

Kwa hiyo kifaa kinahitaji daftari. Saa 3:10 kuchoronga, saa 3:50 kusubiri, saa 4:05 kufunga boliti za dari, saa 4:40 kumwaga boksi la vumbi la mashine ya boliti. Zamu ikiisha, weka daftari pembeni ya mchoro uliotoka kwenye kompyuta. Mara nyingi utaona kwamba nusu ya vumbi la siku limetoka kwenye kazi moja fupi. Kumwaga boksi la vumbi ni mfano mzuri: huchukua dakika chache, lakini anayesimama upande ambao hewa inaelekea huvuta vumbi ambalo mashine ilikwisha kulikamata. Kusimama upande hewa inakotoka hakuna gharama yoyote. Bila mchoro ule, hakuna ambaye angeijali kazi hiyo.

Wastani wa zamu ndio wa kufanyia maamuzi, na hesabu yake ni nyepesi. Kikomo cha 1.5 kwa saa 8 ni sawa na mfuko wa 12 (1.5 mara 8) wa kutumia zamu nzima. Mtu akiwa na wastani wa 1.2 baada ya saa 4, ametumia 4.8 na amebakiwa na 7.2, yaani 1.8 kwa kila saa iliyobaki. Akiwa na wastani wa 2.4, amebakiwa na 2.4 kwa saa nne zote, kwa hiyo ahamishwe sasa, si kesho. Hapa ndipo kifaa kinapowashinda wengine wote. Pampu ya kawaida ingeleta jibu hilo baada ya siku nyingi, wakati vumbi limeshakaa kifuani.

Angalizo kuhusu namba ndogo. Kwa dakika 30, lita 2.2 kwa dakika ni lita 66 za hewa. Kwenye vumbi la 1.5, kichujio hupata mikrogramu 99, uzito ambao kifaa kinausoma vizuri. Kwenye 0.2 kinapata mikrogramu 13 tu, na hapo mtikisiko wa mwili, joto na unyevu vinaanza kushindana na vumbi lenyewe. Usipeleke mtu ofisini kwa sababu nusu saa yake ilisoma 0.3 na ya mwenzake 0.2. Ngoja wastani wa zamu.

Kabla ya zamu na baada yake

Kifaa hiki hakimvumilii mvivu. Kikirudi kutoka chini, pakua rekodi kwanza kabla hujagusa kitu, usome na alama za hitilafu zilizoandikwa humo. Kisha fungua saikloni na ugonge kikombe cha chini mpaka kiwe kitupu. Kikombe kilichojaa kinarudisha chenga kubwa juu, chenga moja ya mikroni 20 ina uzito wa chembe 1,000 za mikroni 2, na namba ya kesho inakuwa ya uongo. Futa ndani ya saikloni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pitisha hewa safi, kavu na isiyo na mafuta ndani ya mpira kuanzia mdomo hadi mwisho. Hewa ya kompresa ya mgodi ina mafuta, na mafuta hugandisha vumbi ukutani mwa mpira. Mpira huo ni mrefu, na vumbi lililobaki humo siku ya leo hubanduka kesho kwa mafungu.

Kichujio hubadilishwa kila zamu. Tumia kifaa chake cha kubadilishia, usitumie vidole. Kisukume wima, moja kwa moja, hadi kikae imara. Kikiwa kimekaa upande, kinacheza kwenye ncha ya mrija, na dalili yake ni rahisi kuitambua kwenye mchoro: uzito unaruka juu, unashuka chini, mara nyingine unakuwa hasi. Vumbi halina uzito hasi. Ukiona hivyo, tupa rekodi ya zamu hiyo na uanze upya. Usijaribu kuirekebisha kwa hesabu.

Kagua oringi, pete ya mpira inayoziba kiungio, kila unapofunga saikloni. Tuliweke wazi hili kwa sababu ndilo kosa la kimyakimya kuliko yote. Oringi ikiwa imepinda au imepasuka, hewa huingilia njiani baada ya saikloni. Kipimo cha mtiririko kilicho nyuma ya kichujio bado kinaona lita 2.2 na kuridhika. Lakini sehemu ya hewa hiyo haikutoka puani mwa mchimbaji. Imetoka ndani ya boksi, haina vumbi. Namba inashuka. Wakati huohuo saikloni yenyewe inapata hewa pungufu, inazunguka polepole, inaachia chenga kubwa zaidi kupita, na hilo linapandisha namba. Makosa mawili yanavutana na matokeo yanaonekana ya kawaida. Kwa hiyo usihukumu uvujaji kwa kuangalia namba. Fanya jaribio la uvujaji, na pima mtiririko kwa kipimo cha nje kilichofungwa mdomoni, kule hewa inakoingilia.

Chaji betri usiku. Ikiwa nzima inamaliza saa 12. Panga zamu kwenye programu ya WinPDM: nani atakivaa, aanze saa ngapi, kwa muda gani. Halafu kipe nusu saa ya kupasha joto kabla ya kuanza kupima. Ukitaka zamu ianze saa 1:00 asubuhi, kiwashe kabla ya saa 12:30. Migodi inayopata namba za ajabu kwenye saa ya kwanza mara nyingi ni ile inayokitoa kifaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kukishusha moja kwa moja kwenye joto na unyevu. Kipashie joto mahali panapofanana na kule kinakokwenda.

Uvaaji: mdomo ukae ndani ya sentimita 30 kutoka puani, ukiangalia mbele, usifunikwe na koti la mvua. Koti ndilo adui mkubwa kwenye migodi yenye maji, maana mtu analivaa saa mbili baada ya kuanza na hakumbuki mdomo uko chini yake. Mpira upite mgongoni, usikunjwe na mkanda. Anayevaa barakoa aelezwe wazi kwamba kifaa kinapima hewa iliyo nje ya barakoa. Namba kubwa haimaanishi amevuta vumbi lote hilo, na pia haimpi meneja ruhusa ya kusema "ana barakoa, aendelee." Barakoa inategemea ndevu zilizonyolewa, saizi sahihi na kubadilisha vichujio, na vyote vitatu hushindwa kwa urahisi.

Uzito ni kama kilo 2. Peke yake si mwingi. Lakini mkanda wa mchimbaji tayari una betri ya taa, kifaa cha kujiokolea na zana, na mfunga boliti anainama na kuinuka zamu nzima. Malalamiko ya kiuno ni ya kweli na yasipuuzwe, kwa sababu aliyechoka hukivua na kukitundika. Kilichotundikwa kwenye njia ya hewa safi hutoa namba nzuri ajabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Soma rekodi za mwelekeo wa kifaa, yaani jinsi kilivyoinama au kusimama: mtu aliye kazini hubadilika kila dakika, na mwelekeo uliokaa vilevile kwa saa tatu ni wa kifaa kilicho kwenye msumari. Kabla ya kumwadhibu mtu, zungusha kifaa kati ya watu na utafute mkanda unaobeba uzito mabegani.

Kile ambacho hakioni

Sasa tufike kwenye kasoro inayotufanya tusikipe alama zote. PDM hupima uzito wa vumbi laini. Haijui vumbi hilo ni la nini. Makaa, chokaa, silika, masizi ya dizeli, matone ya mafuta ya mashine, vyote kwake ni uzito tu.

Chukua hesabu hii. Kifaa kinasoma 1.0. Kwa kikomo cha 1.5, hiyo ni asilimia 67, na kila mtu anafurahi. Kama vumbi hilo lina silika asilimia 10, mchimbaji anavuta mikrogramu 100 za silika kwa mita ya ujazo. Kanuni iliyotangazwa Marekani mwaka 2024 inataja mikrogramu 50 kwa saa 8, na 25 kama kiwango cha kuanza kuchukua hatua. Yuko mara mbili ya kikomo huku skrini ikimwambia mambo shwari.

Nenda kwenye mgodi wa dhahabu wenye miamba ya silika asilimia 30. Hapo 0.2 kwenye skrini, namba ambayo mchimbaji wa makaa angeiota, ni mikrogramu 60 za silika. Tumeshaona kwamba 0.2 ni eneo ambalo kifaa chenyewe kinaanza kuyumba kwa vipindi vifupi. Kwa maneno mengine, pale silika inapokuwa nyingi, hatari huanza kwenye namba ambazo kifaa hakikutengenezwa kuzipambanua dakika kwa dakika.

Makosa haya yana gharama kubwa kwa sababu silikosisi haina tiba. Kovu la pafu halirudi nyuma, linaweza kuendelea hata mtu akishaacha kazi, na pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka silika ya fuwele kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1997. Moshi wa dizeli ulifuata 2012.

Na usifikiri utakichukua kichujio cha PDM ukipeleke maabara kupimwa silika. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na vitu vilivyomo ndani yake vinavuruga upimaji. Ukitaka silika, lazima uwe na pampu nyingine.

Pampu ya kawaida bado ina kazi

Seti ya zamani ni pampu ndogo ya mkandani, saikloni ya nailoni ya milimita 10, na kaseti yenye kichujio cha PVC cha milimita 37. Mtiririko ni lita 1.7 kwa dakika, sawa na lita 816 kwa saa 8. Kichujio hupimwa kabla na baada, kwenye mizani inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya miligramu, ndani ya chumba kilekile chenye joto na unyevu uliodhibitiwa. Kisha silika hupimwa kwa miale ya eksirei au kwa infraredi.

Yanayoiharibu ni machache na yanajulikana. Saikloni ikipinduliwa juu chini, hata mara moja mtu anapoinama kuokota kitu au kuvua mkanda, chenga za kikombe humwagikia kichujio, na sampuli hiyo itupwe. Mtiririko upimwe kabla na baada ya zamu, saikloni na kaseti vikiwa vimefungwa. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli haina thamani. Kila kundi la sampuli liende na vichujio vitupu vinavyoshushwa mgodini na kupandishwa bila kuunganishwa na pampu, ili ujue uzito ulioongezeka njiani. Kasoro yake kubwa ni kusubiri. Jibu linakuja wakati watu wamekwishahamia sehemu nyingine ya mgodi. NIOSH imetengeneza njia ya kuipunguza kwa programu inayoitwa FAST: kaseti inasomwa kwa mashine ya infraredi palepale mgodini na makadirio ya silika yanapatikana zamu ikiisha.

Matumizi tunayoyapendekeza ni kuvalisha vyote viwili kwa pamoja. Kwa siku kadhaa, mtu mmoja avae PDM na pampu ya silika. Pampu itakupa asilimia ya silika kwenye vumbi la eneo hilo, tuseme 12. Baada ya hapo, namba ya PDM ukiizidisha kwa 0.12 inakupa makadirio ya silika ya zamu, na kikomo chako halisi cha vumbi kwenye eneo hilo kinakuwa mikrogramu 50 gawanya kwa 120 (silika iliyomo katika kila miligramu ya vumbi), yaani miligramu 0.42. Bandika namba hiyo mahali watu wanapochukulia vifaa, na usahau ile ya 1.5. Lakini asilimia hiyo si ya kudumu. Mashine ya makaa ikianza kukata dari au sakafu ya mchanga, silika inaweza kuruka bila uzito wa vumbi kubadilika sana. Rudia pampu kila mwamba unapobadilika, unapoanza njia mpya, na unapobadilisha aina ya kuchoronga.

Kwa dizeli PDM isitumike kabisa kama kipimo kikuu. Masizi ya dizeli ni chembe chini ya mikroni 1, na kikomo cha migodi ya madini ya Marekani tangu 2008 ni mikrogramu 160 za kaboni yote. Kiasi hicho kwenye skrini ni 0.16, na huwezi kukitenga na vumbi la mwamba. Dizeli inahitaji kaseti yake yenye kichujio cha kwatsi na kizuizi kinachozuia chembe kubwa, kisha kaboni ipimwe maabara kwa joto.

Nani anunue

Mgodi wa makaa ya mawe wenye mashine za kukata: nunua, na ununue vya akiba. Usipange zamu tano kwa vifaa vitano. Saikloni moja ikipasuka au betri ikichoka, utabaki na zamu isiyopimwa. Weka bajeti ya vichujio, oringi, mipira na kalibresheni ya kila mwaka kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu kifaa kisicho na vipuri hugeuka pambo la kabati.

Mgodi wa mwamba mgumu: pampu za silika kwanza. PDM moja au mbili zifuate baadaye kwa kazi ya kuwinda vyanzo. Kwenye kuwinda haina mpinzani: funga kifaa kwa opereta, badilisha kitu kimoja tu, na uone mchoro. Zibua pua za maji. Sogeza mfereji wa hewa karibu na uso wa mwamba. Lowesha kifusi kabla ya skupu, mashine ya kuzolea, kukigusa, na tena kinapokauka. Shusha shinikizo la maji kama linarudisha vumbi nyuma kwa opereta, jambo linalotokea sana pua zikielekezwa vibaya. Kitu kimoja kwa zamu, ili ujue kipi kimeleta nafuu.

Mgodi mdogo ambao bado watu wanachoronga kavu hauhitaji kifaa hiki leo. Pesa yake iende kwenye maji ya kuchoronga, feni na mfereji wa hewa, pamoja na pampu mbili na kipimo cha mtiririko. Kuchoronga kavu kwenye mwamba wa silika hakuhitaji skrini kuthibitisha kwamba kunadhuru. Maji yakishafika kwenye kila mashine ya kuchoronga na feni ikiwa inavuta, hapo PDM itakuwa na kitu cha kukuonyesha. Wastani wa zamu ukibaki palepale wiki mbili baada ya maji kufika, anza kukagua mfereji wa hewa: viungio vinavyovuja, sehemu zilizochanika, na umbali kutoka mdomo wake hadi pale watu wanaposimama.